Simu Iliyohamia Garini

Inspekta aliwasha gari lake asubuhi hiyo bila haraka. Kesho yake fundi cherehani msaidizi aliyeitwa Uzi angepandishwa kizimbani kwa kumuua tajiri wake. Jalada lilikuwa limekamilika na mkuu wa kituo alikwisha kumpongeza Inspekta mbele ya watu. Alipaswa kufurahi. Hakufurahi wala hakusikitika. Wiki nzima moyo wake ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya, na aliendelea na kazi kwa sababu kazi haikumuuliza anajisikiaje.

Kabla hajafunga mkanda, sauti ya msichana ikatoka kwenye spika za gari.

"Sasa ukamjibu nini? Haloo? Wewe, mbona kuna kengele inalia hapo? Uko dukani?"

Inspekta alitazama kiti cha nyuma. Hakukuwa na mtu. Mlango wa nyumba ukafunguka kwa kishindo, binti yake akatoka mbio, kandambili moja mguuni, nyingine imebaki ndani.

"Mama, zima gari! Umeninyang'anya simu!"

"Nimekunyang'anya vipi? Si hiyo unayo mkononi?"

"Ninayo, lakini maneno yote yako huko kwako! Ukiwasha gari tu, yanahamia. Si wewe mwenyewe ulitaka tuziunganishe, tusikilize nyimbo safarini?"

Inspekta alizima gari na kengele ikanyamaza. Ilikuwa ile kengele ya mkanda, inayomsumbua dereva mpaka aufunge. Aliisikia kila siku na kila siku aliidharau.

"Rafiki yako ameisikia kengele ya garini?"

"Ameisikia. Sasa anadhani niko madukani nakula raha, na mimi nimemwambia ninafua."

"Alisikia nini kingine? Muulize. Taratibu."

Binti alimtazama mama yake kwa huruma. "Mama, leo umekunywa chai kweli?"

Inspekta alikuwa amekumbuka mstari mmoja katika maelezo ya shahidi, mstari ambao watu wawili waliosoma shule walikuwa wameupita juujuu, na mmoja wao alikuwa yeye.

* * *

Koplo alikuwa mezani kwake akipanga jalada kwa ajili ya mahakama, karatasi zimekaa sawa kama vitambaa vya harusi. Inspekta alizivuruga zote.

"Maelezo ya Mama Mdogo yako wapi?"

Mama Mdogo alikuwa mdogo wa marehemu, mtu wa kupiga pasi nguo za watu upande wa pili wa mji. Marehemu mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Bi Cherehani, alikuwa akishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Dada hawa wawili walikuwa na mtindo wao. Kila siku baada ya chakula cha mchana mmoja humpigia mwenzake, kisha kila mtu anaiweka simu mezani kwa sauti ya juu na kurudi kazini. Huyu anashona, yule anapiga pasi. Hawakuwa wakiongea sana. Walikuwa wakikaa pamoja tu, na laini ikikatika wanapigiana tena ili waulaumu mtandao kwa pamoja.

Siku ya kifo laini ilikuwa wazi. Inspekta alisoma kwa sauti: "'Nilisikia cherehani, kisha ikanyamaza. Nikajua anakata kitambaa. Nikatoka kuanua nguo. Niliporudi nikasikia kengele ndogo inalia, inalia. Nikaita, Dada. Baadaye kengele ikaisha, kukawa kimya. Nikakata.' Na hapa pembeni nani kaandika 'usumbufu wa mtandao'?"

Koplo alikohoa kidogo. "Mimi, afande."

"Umewahi kusikia mtandao unapiga kengele?"

"Mtandao huu wetu, afande, naweza kuusikia hata unakoroma."

Kwa kawaida Inspekta angecheka. Alivuta kiti akaketi. "Koplo, simu ina redio zaidi ya moja ndani yake. Ile kubwa inaongea na mnara, hata mnara ukiwa kilimani. Kuna nyingine ndogo, hii bluutuu. Hiyo inaongea na vitu vya jirani tu: spika, saa ya mkononi, redio ya gari. Ukuta mmoja inapenya, mitatu inachoka. Ukitoka uwanjani inakuacha. Sasa, kama simu ya mtu imeshaunganishwa na gari, gari likiwashwa karibu yake, maneno yanahama. Simu inabaki mezani, lakini anayepiga anasikia yaliyo ndani ya gari."

Koplo aliacha kupanga karatasi. "Kengele ya mkanda."

"Kengele ya mkanda."

"Au muuza barafu," akasema Koplo. Sehemu ya mshahara wake ilikuwa kupinga, na aliila kihalali. "Mtaa ule kuna muuza barafu ana baiskeli yenye kengele. Nimemwona mwenyewe."

Lilikuwa pingamizi la haki, na Inspekta hakupenda kuacha pingamizi la haki nyuma yake. Waliteremka mahabusu.

Uzi alipewa jina hilo kwa wembamba, na wiki moja ya mahabusu ilikuwa imempunguza tena. Alikaa sakafuni akisugua kidole gumba na cha shahada, kama anayetafuta ncha ya kitu cha kupitisha kwenye sindano. Hadithi yake haikuwa imebadilika: alitoka kununua vifungo, akarudi, akamkuta tajiri wake chini, kichwa kimepiga mguu wa chuma wa meza ya kukatia. Alimwinua, ndiyo maana akapatikana na damu mikononi. Muuza vifungo hakumkumbuka. Siku mbili kabla ya kifo alikuwa amegombana na marehemu kwa koti lililoharibika, na mtaa mzima ulisikia.

"Muuza barafu alipita siku ile?" Inspekta akauliza.

Uzi alifikiri. "Likizo hapiti, afande. Watoto wa shule ile ya kona ndio wateja wake. Shule ikifungwa, anahamia soko la juu."

"Na gari la Bi Cherehani?"

"Gari analo mwanawe, anasambazia sare. Siku ile alikuwa safari, si ndivyo? Ingawa mama alikuwa akisema wiki hiyohiyo analirudisha mikononi mwake. Alisema kijana ameligeuza lake."

"Mbona hukusema hilo mapema?"

"Mlikuwa mnaniuliza habari za koti."

Inspekta alisikia maneno hayo yakimpiga mahali fulani ndani, kwa mbali. Alipokuwa akifunga mlango, Uzi akauliza kama ni kweli kesho, na kama mama yake ameambiwa aje na shati safi. Inspekta alisema ni kweli. La shati hakulijibu.

* * *

Walimwita mtoto wa marehemu nyumbani kwa mama yake, wakamwambia aje na gari. Mtaani walimwita Mstaarabu, na walikuwa na sababu. Alifika mapema, akaegesha uani chini ya dirisha la chumba cha kushonea, akateremka na kuinama kidogo.

"Shikamoo, afande."

Inspekta hakuwa amemzidi umri hata kwa kidato kizima. "Marahaba," akasema kwa shingo upande.

Walianza hapohapo, wamesimama kando ya gari. Askari wa zamu alikaa getini.

"Siku ile ulikuwa wapi baada ya chakula cha mchana?"

"Njiani, afande. Nilipeleka sare mji wa pili. Walionipokea si waliwathibitishia?"

"Walithibitisha kwamba ulifika. Hakuna anayekumbuka ulifika saa ngapi."

"Watu hawatazami saa, afande. Mimi mwenyewe siku ile..." Alikatiza. Bibi mmoja jirani alikuwa akipita nje ya geti na ndoo. "Shikamoo, bibi!" Akasubiri marahaba yake mpaka ikaja, ndefu, pamoja na pole ya msiba. Kisha akamrudia Inspekta. "Samahani. Siku ile mimi mwenyewe sikutazama."

"Simu ya mama yako ilikuwa imeunganishwa na redio ya gari hili?"

"Mama? Mama hakuwa mtu wa mambo hayo. Simu yake ya kupiga na kupokea tu."

Inspekta alikuwa ametia sahihi kuitoa simu ya marehemu kwenye bahasha ya vielelezo. Aliiwasha, akaiweka mezani kando ya cherehani, mahali ilipopatikana siku ile, akarudi uani na kumwambia Mstaarabu awashe gari. Redio ilitoa mwanga. Ikaikuta simu ya Mstaarabu mwenyewe mfukoni mwake, ikatangaza kwa sauti ya kike kwamba imeunganishwa. Simu ya mezani haikupata hata salamu.

"Sijui mnachotafuta, afande," Mstaarabu akasema kwa upole, "lakini naona hakipo."

Inspekta aliona hivyohivyo. Alirudi ndani akaketi kwenye kiti cha Bi Cherehani. Chumba kilikuwa vilevile: sare za bluu zimekunjwa upande mmoja, nusu ya sketi imekwama chini ya sindano. Alihisi uchovu, basi. Akafungua kioo cha simu kwa sababu mikono ilitaka kitu cha kufanya, akaingia sehemu ya bluutuu.

Simu ilikuwa imekumbuka kitu kimoja tu maishani mwake. Kiliitwa Gari Langu.

Alikaa akikitazama. Vitu hivi huunganishwa kwa makubaliano ya pande mbili. Simu inalikumbuka gari, na gari linaikumbuka simu. Lakini kusahau ni kwa upande mmoja. Ukifuta jina la simu kwenye gari, simu haiambiwi. Inaendelea kulingoja gari, na gari linapita kama haliijui.

Alitoka nayo mkononi, akamwonyesha.

Mstaarabu alisoma. "Aa. Basi ni kweli. Nimekumbuka sasa, afande, alipokuwa akiliendesha mwenyewe, kabla ya magoti kumsumbua."

"Na kwenye gari nani aliifuta simu yake?"

"Mimi. Baada ya mazishi. Nilikuwa kila nikiwasha gari naambiwa simu ya mama imeunganishwa. Iliniumiza, afande. Nikafuta."

"Baada ya mazishi."

"Ndiyo."

"Simu hii tuliichukua sisi siku ileile ya kifo. Ilikuwa kituoni, ndani ya bahasha, imezimwa. Gari liliunganishwa na nini?"

Mstaarabu alitazama bahasha tupu iliyokuwa chini ya kwapa la Inspekta. "Basi nilifuta kabla," akasema. "Mambo yalikuwa mengi. Sikumbuki."

Jibu lile halikumtosha Inspekta, wala halingeitosha mahakama. Mtu anaruhusiwa kuchanganyikiwa akifiwa na mama. Gari lingeweza kuwa limeisahau simu mwezi uliopita, na Uzi angefungwa huku kila mtu akisikitika kidogo. Kilichohitajika ni sikio la mtu aliyekuwa upande wa pili.

* * *

Koplo alikuwa amekwisha kutumwa kwa Mama Mdogo. Alipiga simu kusema yuko hapo, mama amekubali, ila haongei.

"Haongei vipi?"

"Anapiga pasi, afande. Nikimuuliza neno ananyoosha kola. Chai kanipa."

"Mwambie tunapima umbali tu. Apige simu ya dada yake kama siku ile, aiweke mezani, aendelee na pasi. Akisikia kengele aite kama alivyoita. Wewe uandike anachosikia, na safari hii usiandike mtandao."

Inspekta aliunganisha upya simu na gari, kwani redio ile iliweza kushika simu mbili kwa pamoja. Redio ikauliza kama inakubali, simu ikauliza kama inakubali, akabonyeza ndiyo mara mbili kama kadhi. Akamwambia Mstaarabu akae kiti cha dereva, kwa kuwa gari ni lake na analijua, na asiwashe mpaka aambiwe. Mstaarabu alikaa. Paji lake la uso lilikuwa linang'aa kwa jasho, lakini mikono aliipakata kwa adabu.

Simu ya mezani ililia. Inspekta aliipokea, akaiweka sauti ya juu, akaiacha kando ya cherehani. Kutoka upande wa pili ilikuja sauti ya pasi ikiburuzwa juu ya nguo. Alitoka, akaingia kiti cha abiria na kuacha mlango wazi.

"Washa."

Gari liliwaka. Kengele ya mkanda ikaanza mara moja, ting, ting, ting. Kwa muda mfupi pasi iliendelea kusikika kutoka dirishani, mbali. Kisha dirisha likanyamaza, na pasi ikawa ndani ya gari pamoja nao, kubwa, karibu, mpaka ungeweza kusikia mvuke wake. Ukuta haukuwa kitu.

Pasi iliwekwa chini.

"Dada?" zikasema spika. "Dada, upo?"

Mstaarabu alinyooka kitini kama mtoto aliyeona mkubwa akiingia chumbani.

"Shikamoo, mama mdogo," akasema.

Hakukuwa na ubaya wowote katika salamu ile. Hata shangazi wa watu wengine angeamkiwa na kijana huyu, sembuse mama yake mdogo. Inspekta hata hakugeuka. Alikuwa akingoja Koplo aseme kama kengele imesikika. Kengele iliendelea kulia bila aibu.

"Marahaba, mwanangu," Mama Mdogo akasema mwishowe.

Kisha, kwa sauti ileile, isiyopanda wala kushuka: "Koplo, andika."

"Naandika, mama."

"Siku ile aliniamkia hivihivi. Kengele hiyohiyo, sauti hiyohiyo. Niliita dada, nikaamkiwa na yeye. Nikaitikia. Nikasema, marahaba, mwanangu. Hakujibu. Nikasikia geti, kisha kengele ikapotea, na mimi nikafurahi kwamba leo kapita kumwona mama yake."

Mstaarabu alikuwa akiitazama redio.

"Jioni akanipigia akilia. Akasema yuko mbali, safarini, ndiyo kwanza kaambiwa. Nikajua. Nilijua palepale, sikuwa na haja ya polisi. Nikanyamaza. Nilikuwa na watu wawili duniani, mmoja amekwisha kufa. Nimepiga pasi wiki nzima, sijui hata nguo za nani. Lakini Uzi naye ana mama. Juzi mama huyo alikuja kwangu na shati, akaniomba nimnyooshee la mahakamani. Ninalo hapa mezani. Ndilo ninalolipiga pasi sasa hivi."

"Alitaka ufunguo," Mstaarabu akasema. Hakuwa akimwambia Inspekta. Alikuwa akiiambia redio. "Nilimsukuma tu, mama mdogo. Niliusukuma mkono. Nilikuja garini niondoke, nawasha, nasikia unaita. Mdomo ukajibu wenyewe."

Akazima gari. Kengele ikakatika, na spika zikafa. Sauti ya Mama Mdogo ikaanza kusikika tena chumbani, kupitia dirisha, ikiongea na cherehani.

"Umekata? Mwanangu, umekata?"

Mstaarabu alichomoa ufunguo, akampa Inspekta kwa mikono miwili. "Samahani, afande," akasema. Inspekta aliupokea. Alimwita askari wa getini, akamkabidhi mtu wake, na pingu zikafungwa bila ugomvi. Alipokuwa akipitishwa getini, bibi mwenye ndoo alikuwa akirudi, na Mstaarabu akainamisha kichwa bila kumwamkia.

Ganzi ilikuwa inamtoka Inspekta, nayo ilitoka kwa maumivu. Alifikiria Uzi, na koti, na karatasi alizozitia sahihi yeye mwenyewe. Aliingia ndani.

"Koplo," aliiambia simu. "Mpigie mkuu. Kesho Uzi haendi popote ila kwao."

"Sawa, afande."

"Shati lake umpelekee."

"Bado mkono mmoja," akasema Mama Mdogo. Kisha akauliza, "Uko kwenye chumba chake?"

"Nipo, mama. Nimekaa kwenye kiti chake."

"Usikate kwanza."

"Sikati."

Inspekta aliirudisha simu mezani, kando ya nusu ile ya sketi. Upande wa pili pasi ikaanza tena, ikaenda, ikarudi. Alikaa akiisikiliza.